Sitiari katika Kiingereza na Kireno: Maana, Matumizi na Tahadhari kwa Mtafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maana ya sitiari na kuchunguza matumizi yake katika Kiingereza na Kireno. Data ni semi za kawaida zinazopatikana katika kamusi za jumla za lugha hizo mbili, zikilinganishwa pale inapofaa na semi za Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba kufanana kwa sitiari za Kiingereza na Kireno hakutoshi kuthibitisha kwamba sitiari hizo ni za wanadamu wote, kwa sababu lugha hizo zimerithi mengi kutoka chimbuko moja na zinaendelea kuazimana. Aidha, makala yanaonyesha kwamba tofauti kubwa kati yake haziko katika dhana pekee, bali pia katika sarufi inayobeba dhana hizo. Mwisho, yanajadili athari za jambo hili kwa mfasiri anayeleta matini ya Kireno katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi nimesoma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili yanayohusu sitiari, na mengi huanza kwa namna moja. Mwanafunzi hutaja kitabu cha Lakoff na Johnson cha mwaka 1980, hueleza dai lao kwamba fikra za binadamu kwa kiasi kikubwa zimejengwa kwa sitiari, huorodhesha mifano ya Kiingereza inayozungumzia wakati kana kwamba ni fedha, huiweka kando ya msemo wetu "wakati ni mali", kisha huhitimisha kwamba Mwingereza na Mswahili wanafikiri sawa. Akiulizwa kama kuna ushahidi wa lugha ya tatu, hutaja Kifaransa, Kihispania au Kireno. Hapo ndipo mashaka yangu huanza. Mashahidi wawili waliolelewa nyumba moja wakitoa ushahidi unaofanana, hakimu mwenye busara huuliza kwanza kama hawakuzungumza kabla ya kuingia mahakamani.

Kireno kimechaguliwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni lugha jirani. Ndiyo lugha rasmi ya Msumbiji, nchi inayopakana na Tanzania, na ni miongoni mwa lugha za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo mwaka 2019 ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Umoja wa Afrika nao ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kwa hiyo, suala la kufasiri kati ya Kireno na Kiswahili si la kinadharia tena. Pili, Kireno kimekaa ndani ya Kiswahili kwa karne kadhaa bila sisi kukitazama sana: meza, leso, bendera, karata, mvinyo na gereza ni maneno yaliyotoka huko. Tumeyachukua maneno yake, lakini jinsi wenyewe wanavyoyatumia kuzungumzia jambo kwa jambo jingine hatujakuchunguza.

2.0 Neno lenyewe

Istilahi tunazotumia zina sitiari ndani yake, na ni vyema kuanzia hapo. Kiingereza na Kireno vimerithi neno la Kiyunani lenye maana ya kubeba kitu kutoka hapa na kukipeleka pale. Kwa mujibu wa picha hiyo, maana ni mzigo na sitiari ni mchukuzi. Kiswahili, kwa upande wake, kimepokea "sitiari" na "istiara" kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni tendo la kuomba kitu kwa kuazima. Picha hapa ni tofauti. Kitu kilichoazimwa kina mwenyewe, anajulikana, na kinatarajiwa kurudi. Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanabalagha wa karne ya 11, aliifikiria sana sitiari kwa misingi ya kuazima huko, na aliona wazi kwamba anayesikia "nimemwona simba" kuhusu mtu shujaa haondoi simba akilini mwake. Humtazama mtu kupitia kwa simba. Wanafunzi wetu huruka kutoka Aristotle hadi karne ya 20 kana kwamba katikati hapakuwa na mtu aliyefikiri. Ni kasoro inayopaswa kusahihishwa, hasa na sisi ambao istilahi yetu imetoka kwa wanabalagha hao.

Aristotle alieleza sitiari kuwa ni kukipa kitu jina la kitu kingine, na maelezo yake yalikuwa mapana kiasi cha kuingiza uhamisho kati ya jumla na sehemu, jambo ambalo leo tungeliweka mahali pengine. I. A. Richards (1936) alitenganisha kinachozungumzwa na kile kinachotumiwa kukizungumzia, akasisitiza kwamba maana huzaliwa katika mkutano wa hivyo viwili. Max Black naye aliendeleza wazo hilo: sitiari si mbadala wa neno la kawaida, ni mwingiliano wa mifumo miwili ya mawazo. Lakoff na Johnson waliihamisha sitiari kutoka katika lugha na kuiweka katika fikra. Kwao, usemi mmoja mmoja ni dalili tu ya mpangilio wa ndani ambapo kikoa lengwa, kwa kawaida kile kisichoshikika, hueleweka kwa kutumia kikoa chanzi kinachoshikika. Katika makala haya ninaukubali msingi huo, lakini ninakataa haraka inayofuata baada yake.

Mipaka miwili iwekwe wazi. Tashbihi hulinganisha kwa kutumia kiunganishi, kama "like" katika Kiingereza, "como" katika Kireno, au kama na mithili ya katika Kiswahili. Sitiari haina kiungo hicho na kwa hiyo hudai zaidi. Mpaka wa pili ni kati ya sitiari na metonimia, ambayo baadhi ya wahakiki huiita taashira. Metonimia huhamisha jina kwa sababu ya ujirani wa vitu, wala si kwa sababu ya mfanano. Neno gereza ni mfano mzuri. Asili yake ni "igreja", yaani kanisa. Hakuna mfanano kati ya kanisa na jela. Kilichopo ni ujirani: Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome, jina likaifikia ngome, na ngome ikawa mahali pa kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kuwa jela hadi miaka ya 1950. Nimewahi kusoma tasnifu iliyolitaja neno hili kuwa ni sitiari ya ukandamizaji wa kidini. Huenda dhana hiyo inavutia, lakini njia ya maana haikupita huko.

3.0 Mwili, nyumba na mbingu

Mwili wa binadamu ndiyo kikoa chanzi kinachotajwa zaidi, kwa hoja kwamba kila mtu anao. Hoja hiyo ina nguvu. Kiingereza kina "foot of the mountain" na Kireno kina "pé da montanha", yote mawili yakiwa na maana ya mguu wa mlima. Hata hivyo, kuwa na mwili mmoja hakulazimishi kuutumia kwa namna moja.

Tazama mahali ambapo mto huingia baharini. Kiingereza husema "mouth", yaani mdomo, na kila msemaji huiona picha hiyo akitaka. Neno la kawaida la Kireno ni "foz", lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya koo. Mreno wa leo huliita koo "garganta", na akitaja "foz" haoni koo lolote. Kwake ni neno la jiografia tu, kama katika jina la mji wa Foz do Iguaçu. Kiswahili kinasema mlango wa mto. Lugha tatu zinaangalia uwazi uleule: moja ina mdomo ulio hai, ya pili ina koo lililokufa, ya tatu ina nyumba. Mtafiti akiandika kwamba "mto ni mwili" katika Kireno, atakuwa anaeleza fikra za msemaji wa Kilatini aliyekufa zamani.

Mfano ulionifundisha zaidi niliupata katika semina, kutoka kwa mwanafunzi aliyesomea Kireno kaskazini mwa Msumbiji. Tulikuwa tukijadili istilahi za fonetiki akasema kwamba shuleni kwao kaakaa iliitwa "céu da boca", mbingu ya mdomo. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Kiingereza huiita "roof of the mouth", paa la mdomo. Mwingereza ameingia ndani ya nyumba na kutazama juu. Mreno ametoka nje. Kiswahili kina kaakaa, neno ambalo msemaji wa leo haoni picha ndani yake. Kikoa lengwa ni kimoja na uhusiano wa chini na juu ni uleule, lakini vikoa chanzi ni viwili, na lugha ya tatu haikuhitaji chochote. Kireno kina mazoea haya katika sehemu nyingine za mwili pia: mfupa wa shavu ni "maçã do rosto", tofaa la uso, msuli wa nyuma ya mguu ni "barriga da perna", tumbo la mguu, na wengine husema "batata da perna", kiazi cha mguu. Kwa hiyo mwili si chanzi tu. Hapa wenyewe umekuwa lengwa, ukielezwa kwa matunda na mazao ya shamba.

Jicho linatupa somo la aina nyingine. Mtu apendwaye sana ni "apple of one's eye" kwa Kiingereza, "menina dos olhos" kwa Kireno, yaani msichana wa macho, na mboni ya jicho kwa Kiswahili. Mtu anaweza kudhani amepata sitiari ya ulimwengu mzima. Lakini usemi huu umo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 32, na tafsiri za Biblia zimeusambaza kote ilikofika. Kiebrania chenyewe kilikuwa na mtu mdogo wa jicho, ambaye pengine ni sura ya mtazamaji inayoonekana ndani ya mboni. Kilatini kilikuwa na "pupilla", msichana mdogo, neno lililozaa jina la mboni katika Kiingereza. Kufanana huku kuna historia inayoweza kufuatiliwa.

Vivyo hivyo kuhusu kukariri. Kiingereza husema "by heart", kwa moyo. Kireno husema "de cor", na "cor" hapa ni moyo wa Kilatini. Msemaji wa kawaida hajui hivyo, kwa kuwa moyo wake ni "coração", na "cor" inayoandikwa vivyo hivyo lakini kutamkwa tofauti ina maana ya rangi. Kiingereza nacho kinaelekea kuupata usemi wake kwa kupitia Kifaransa. Sisi tunasema kwa moyo, na pia tunasema kwa ghibu, neno la Kiarabu linalohusu kutokuwepo: mtu husoma hali kitabu hakipo. Usemi huu wa pili hauna moyo wala kichwa. Kumbukumbu inaelezwa kwa kitu kilichoondoka. Ni usemi unaostahili makala yake peke yake.

4.0 Wakati: fedha, safari na ushindi

Turejee kwenye mfano unaopendwa. Kiingereza kinayo "spend time", "save time" na "waste time", vitenzi ambavyo vyote hutumika pia kwa fedha. Kireno kinaweza kusema "gastar tempo", kutumia wakati kama pesa, na "poupar tempo", kuweka akiba ya wakati. Kwa hiyo orodha inalingana. Orodha, hata hivyo, haisemi ni usemi upi unaotumika kila siku. Mwingereza aliyekuwa nyumbani mchana kutwa atasema "I spent the day at home". Mreno atasema "passei o dia em casa". Kitenzi "passar" ni kupita. Pale ambapo mmoja anatoa sarafu mfukoni, mwingine anavuka mahali. Na anayelaumiwa kwa kuzembea huambiwa kwa Kireno kwamba anapoteza wakati, "perder tempo", wakati "waste" ya Kiingereza ina sura ya mali inayotapanywa. Aliyepoteza hana hatia kubwa kama aliyetapanya.

Mswahili katika hali hiyo alishinda nyumbani. Hakulipa wala hakupita. Kushinda ni kumaliza mchana, na ni kuzidi nguvu. Sidai kwamba anayesema "umeshindaje?" anafikiria vita na jua, hata hivyo, uhusiano wa maana hizo mbili haujachunguzwa kwa kina, na hakuna mfano wa Kiingereza utakaomsaidia mtafiti kuuona. Atauona akiiacha orodha ya fedha kando.

Kuna jambo zaidi. Siku hizi tunasikia na kusoma "kuokoa muda". Kwa dalili zote ni tafsiri ya "save", kitenzi ambacho katika Kiingereza hubeba maana mbili: kuponya kutoka hatarini na kuweka akiba. Mfasiri alishika maana ya kwanza mahali palipohitaji ya pili. Kireno hutenganisha maana hizo kwa vitenzi viwili, "salvar" na "poupar", na kwa wakati msemaji huchagua cha pili. Kama usemi huu ungalitufikia kutoka Kireno, huenda leo tungelikuwa tunaweka akiba ya muda badala ya kuuokoa kama mtu anayezama. Silaumu usemi huu. Umeshaenea na unaeleweka. Lakini mtafiti anayeutumia kama ushahidi wa namna Waswahili wanavyodhani wakati anapaswa kujua kwamba ameshika risiti ya Kiingereza.

Jambo lililo kinyume huonekana katika mjadala wa hoja. Kiingereza kina "defend a thesis", Kireno kina "defender uma tese", na vyote vimerithi kitenzi cha Kilatini cha kukinga dhidi ya shambulio. Kiswahili kina kutetea tasnifu. Wepesi wa kutafsiri umetufanya tudhani kwamba nasi tuna ngome na mishale. Lakini kutetea ni kauli ya kutendea ya kuteta, na kuteta ni kugombana kwa maneno. Mtetezi ni mtu anayeteta kwa niaba ya mwingine. Msingi wa neno letu ni ulimi, na sioni ukuta wowote ndani yake.

5.0 Sarufi inapoamua

Nadharia ya Sitiari Dhanifu huzungumza kana kwamba dhana huja kwanza na sarufi hufuata kimya. Kireno kinaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Pale ambapo Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kuwa, Kireno kina viwili: "ser", kinachotambulisha kitu jinsi kilivyo, na "estar", kinachoeleza hali kiliyomo. "Estar" kimetokana na kitenzi cha Kilatini cha kusimama. Kwa Kiingereza, "she is cold" inaweza kuwa habari ya baridi mwilini au ya moyo usio na huruma. Msikilizaji huamua kwa muktadha. Kwa Kireno, "ela é fria" inaelekea moja kwa moja kwenye tabia, na "ela está fria" inaelekea kwanza kwenye mwili, au kwenye ubaridi wa muda tu. Kitenzi kimefanya kazi ambayo Kiingereza kimeuachia muktadha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba "ser" ni alama ya sitiari na "estar" ni alama ya maana ya msingi. Rangi ya kijani inalivunja dai hilo. Tunda lililo la kijani kwa rangi yake huchukua "ser", lakini lisiloiva huchukua "estar": "está verde". Kijana asiye na uzoefu naye ni "ainda está verde", bado ni mbichi, kwa "estar", kwa sababu sitiari imeazimwa kutoka kwenye kutoiva, na kutoiva hupita. Sitiari imechukua tunda pamoja na sarufi yake. Kiingereza pia humwita kijana huyo "green", lakini ndani ya sentensi hakuna kinachotuambia kama ataiva. Kiswahili kina "bado mbichi", na "bado" inafanya kazi inayokaribia ile ya "estar".

Jinsia ya kisarufi ni kipengele kingine. Mauti katika Kireno ni "a morte", ya kike, na inapopewa sura ya kiumbe huwa mwanamke. Katika picha maarufu ya Kiingereza, mvunaji aliyeshika mundu hurejelewa kwa kawaida kama mwanamume, ingawa nomino yenyewe haina jinsia. Mfasiri wa ushairi akihama kutoka lugha moja hadi nyingine lazima aamue nani anakuja kumchukua mgonjwa. Kiswahili, ambacho ngeli zake hazijali uke na uume, kinampa mfasiri uhuru ambao lugha nyingine hazina, lakini pia kinamnyima uhasama au mapenzi yaliyokuwa yamejengwa juu ya jinsia hiyo.

Mfano wa kifasihi unaonyesha uzito wa jambo hili. Riwaya ya Mia Couto wa Msumbiji, *Terra Sonâmbula* (1992), iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na David Brookshaw kwa jina la *Sleepwalking Land*, inasimulia nchi iliyoharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambako mzee na mtoto wanajihifadhi ndani ya basi lililoungua huku mandhari ya nje ikionekana kubadilika. Jina la riwaya ni sitiari. Katika Kireno, "sonâmbula" ni jina la mtu mwenye hali ya kutembea usingizini, na limepatanishwa na "terra" katika jinsia ya kike. Ardhi si kwamba inatembea tu. Ni mtembeaji wa usingizini. Tafsiri ya Kiingereza ni nzuri, lakini neno lake lina umbo la kitenzi na huelekeza macho kwenye tendo. Aidha, "terra" ni nchi, ni udongo, na ni kwao mtu. Kiswahili kinalazimika kuchagua. "Nchi itembeayo usingizini" huipa siasa kipaumbele. "Ardhi" huupa udongo. Kama ningeulizwa, ningejaribu "Ardhi Mtembea Usingizini", kwa kuwa kiambishi m- cha ngeli ya watu kingerudisha uutu ambao Kireno kiliupata kwa njia nyingine. Nakiri kwamba masikio ya wengi yangelikataa hilo mara ya kwanza.

6.0 Wanyama na viwanja

Sitiari za wanyama zimeandikwa sana, nami sitakaa hapa. Inatosha kusema kwamba mnyama haji na maana yake. "Burro", punda, ni mpumbavu katika Kireno, na Kiingereza kinakubali. "Gato", paka, humsifu mwanamume mtanashati, na "gata" mwanamke mrembo. Kiingereza humchukua paka huyohuyo kutengeneza "catty", kivumishi cha mtu mwenye maneno ya chuki. "Cobra", ambalo katika Kireno ni nyoka yeyote, ni msaliti kama ilivyo katika Kiingereza na Kiswahili, lakini nchini Brazil mtu aliyebobea katika somo naye aliweza kusifiwa kuwa ni "cobra". Mazingira nayo hayatoshi kueleza. Waingereza, wasio na ngamia, husema kuhusu unyasi wa mwisho uliovunja mgongo wa ngamia. Wareno, kwa jambo lilelile, wana tone la maji lililofurisha gilasi, "a gota d'água". Sisi tunasema maji yamezidi unga. Hayo ya mwisho mawili yana maji, lakini moja liko mezani na jingine liko jikoni.

Michezo ni kikoa kinachotenganisha hata wasemaji wa lugha moja. Kiingereza cha Uingereza kimejaa kriketi, hata jambo lisilo la haki likaitwa "not cricket". Kireno cha Brazil kimejaa kandanda: aliyekosea na kuwaangusha wenzake amekanyaga mpira, "pisou na bola", na anayestaafu ametundika viatu, "pendurou as chuteiras". Usemi huo wa mwisho unafahamika kwetu, kwani redio zetu nazo husema mchezaji ametundika daluga.

7.0 Panya wa kompyuta

Nimekuwa nikisema Kireno kana kwamba ni kimoja. Teknolojia inaonyesha kwamba sivyo. Kifaa cha kompyuta ambacho Kiingereza kilikiita "mouse", panya, kwa umbo lake na mkia wake, kilipofika Ureno kiliitwa "rato", na sitiari ikaendelea kuishi. Brazil ilichukua neno la Kiingereza lilivyo, "mouse". Sauti ilivuka bahari na panya akabaki ng'ambo. Kuhifadhi faili ni "guardar um ficheiro" Ureno, kutunza. Brazil ni "salvar um arquivo", ambapo ile maana ya kuponya kutoka hatarini imeingia mahali isipotarajiwa, kama ilivyotokea kwa muda wetu unaookolewa.

Kiswahili kilijibu kwa kipanya. Umbo hili dogo linastahili kutazamwa. Kiambishi ki- kimemwondoa panya katika ngeli ya viumbe vyenye uhai na kumpeleka kwenye ngeli ya vifaa, na wakati huohuo kimempunguza ukubwa. Msemaji anaona mfanano na anaonywa kwamba ni mfanano tu. Kiingereza hakina njia ya kufanya hivyo kwa kiambishi kimoja. Kireno kina viambishi tamati vya kudunisha, lakini katika neno hili hakikuvitumia.

8.0 Kufasiri kwa kupitia lugha ya tatu

Wafasiri na wakalimani wanaojua Kireno na Kiswahili moja kwa moja ni wachache ikilinganishwa na wale wanaojua Kiingereza. Kwa hiyo hotuba au matini ya Kireno mara nyingi itatufikia ikiwa imeshapita katika Kiingereza. Wengi huchukulia kwamba hasara ya safari hiyo ni ndogo, kwa kuwa lugha hizo mbili za Ulaya "zinafanana". Mifano iliyotangulia inaonyesha kwamba mfasiri anayepitia Kiingereza hapokei sitiari ya Kireno. Anapokea uamuzi wa mtu mwingine kuihusu. Mchana uliopitwa utakuwa umeshalipwa. Mbingu ya mdomo itakuwa imeshaezekwa paa. "Ser" na "estar" vitakuwa vimeshaunganishwa, na mfasiri wa Kiswahili hatajua kwamba palikuwa na uchaguzi.

Chukua usemi "engolir sapos", kumeza vyura. Hutumika kwa mtu anayelazimika kunyamaza mbele ya dharau au jambo la kuchukiza kwa kuwa hana nguvu ya kujibu, kama mtumishi mbele ya bosi. Mkalimani wa Kiingereza, akibanwa na muda, atasema "put up with", na wa Kiswahili atapokea "kuvumilia". Kwetu kuvumilia ni fadhila. Mvumilivu hula mbivu. Aliyezungumza kwa Kireno hakuwa anajisifu kwa fadhila yoyote. Alikuwa akilalamika, na malalamiko yake yamefika kwa msikilizaji yakiwa yamegeuka kuwa subira. Mkalimani anayekijua Kireno angeweza kusema "tumemezeshwa shubiri". Chura ametoweka, lakini koo lipo, uchungu upo, na kauli ya kutendeshwa inaonyesha kwamba yupo aliyemezesha.

Idara zetu za tafsiri zinaweza kuanza kwa hatua ndogo. Katika kozi za semantiki na za nadharia ya tafsiri, mifano ya sitiari inayotolewa kwa Kiingereza iandamane na lugha nyingine inayosomwa chuoni hapo, Kireno kikiwemo, na mwanafunzi atakiwe kueleza kwa kila mfanano kama unatokana na mwili, na urithi wa pamoja, au na ukopaji wa karibuni. Pale asipoweza kueleza, aandike hivyo katika tasnifu yake, na mtahini asimpunguzie alama.